Gemu ya Ndege: Mwongozo kwa Msafiri Asiyejihadhari Aliyekwama Mombo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye akili timamu, aliyeshuka kwenye basi Mombo akitaka kupanda Lushoto, akaambiwa gari halijajaa. Ana saa nzima ya kupoteza. Ameshakula. Ameshanunua peasi na matunda damu ambayo anakwenda kuyakuta huko huko juu kwa bei ya chini. Joto la bondeni limeshamlowesha shati. Hapo ndipo sikio lake linaponasa mlio kutoka uchochoroni nyuma ya maduka: piu-piu-piu, kisha kishindo, kisha kicheko cha watoto. Atakwenda kuchungulia. Hakuna asiyekwenda kuchungulia.

Siku hizi ukisema banda la gemu, iwe Mombo, Korogwe au Handeni, watu wanaelewa mpira wa PlayStation na vijana wakubwa wanaotukanana kwa majina ya timu za Ulaya. Lakini tazama pembeni. Ukibahatika, au ukikosa bahati, utaiona televisheni ya kichogo iliyowekwa kwa ajili ya watoto wenye sarafu moja tu, na chini yake mashine ya zamani yenye pedi mbili, moja ikiwa imefungwa selotepu. Humo ndimo zilimo gemu za ndege. Ndege moja ndogo iko chini ya kioo, anga linateremka, maadui wanamiminika, nawe unapiga. Zinaonekana mambo ya kitoto. Ndiyo maana tunakuandikia.

Kuna jambo moja la kulijua kabla ya yote. Huko zilikotengenezwa, kila gemu ilikaa ndani ya boksi lake pamoja na kijitabu kinachoeleza adui ni nani, zawadi ipi ni ya kazi gani, na wewe unatafuta nini angani. Kwetu ilikuja kaseti tupu, haina boksi, haina kijitabu, na jina la aliyeitengeneza limefutwa. Watoto wa Kitanzania walijifunza gemu hizi kwa kufa. Kijitabu kilichokosekana ndicho hiki. Kimechelewa miaka mingi na hakina picha, lakini hakiuzwi.

Kwanza: jua umekaa mbele ya nini

Usidanganywe na umbo la mashine. Zipo zilizofinyangwa zikafanana na PlayStation ya kwanza, zikaandikwa PolyStation kwa herufi zinazomtaka mnunuzi asome upesi. Ukiinua mfuniko wa mviringo ukitegemea kukuta mahali pa kuweka CD, unakuta tundu la kuchomekea kaseti. Hayo ndiyo maumivu ya kwanza ya mzazi aliyenunua kwa haraka. Zipo pia zenye kibodi kamili, zilizouzwa sehemu nyingi duniani kwa jina la kompyuta ya kujifunzia. Baba alilipa akitarajia mwanawe ajue kuchapa barua. Mwana alikijua kitufe cha kupigia risasi, akaiacha kibodi iote vumbi.

Ndani yake zote ni kitu kimoja: nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani Julai 1983. Kichwa chake kinakwenda kwa kasi ya megahezi 1.79, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2. Picha moja uliyowapiga wauza matunda kwa simu yako hapo stendi inaweza kuizidi kumbukumbu hiyo mara elfu. Kumbuka hesabu hii. Karibu kila balaa litakalokupata humo bandani linatokana na umaskini huo, na karibu kila ujanja pia.

Kama unajiuliza kwa nini tulianzia hapa na si kwenye kompyuta za nyumbani walizoanza nazo wenzetu, jibu liko kwenye sheria. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na televisheni nazo zikazuiwa. Zanzibar ilikuwa imeshaanza kutazama televisheni ya rangi katika miaka hiyo hiyo. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo miaka ambayo mtoto wa Uingereza alikuwa akiingiza gemu ndani ya ZX Spectrum ya 1982 kutoka kwenye kaseti ya redio, akivumilia dakika kadhaa za mlio wa kukereta meno, mtoto wa Mombo hakuwa hata na kioo cha kuitazamia. Mwaka 1986 Andrew Braybrook aliitoa Uridium kwenye Commodore 64, ndege inayopita kwa kasi juu ya merikebu kubwa za angani, na Waingereza wakaishangilia. Sisi haikutupata hata kwa fununu. Marufuku ilipolegea na maduka ya Kariakoo yalipojaa bidhaa, tuliruka hatua ile yote tukatua moja kwa moja kwenye nakala ya Famicom.

Pili: usiiamini namba iliyo kwenye kaseti

Kaseti mara nyingi ni ya njano. Ina stika yenye picha ya steling wa sinema fulani ambaye hayumo humo ndani hata kwa bahati mbaya. Chini ya picha pameandikwa kwamba ina gemu 9999999. Piga hesabu: ukicheza gemu mpya kila siku bila kuugua wala kwenda msibani, ungehitaji zaidi ya miaka elfu ishirini na saba kuzimaliza.

Washa. Orodha inakuja na muziki wa furaha. Gemu ya juu kabisa ni ya ndege. Teremka. Mbele kidogo unakuta ndege ile ile chini ya jina jingine, ila safari hii unaanzia hatua ya tatu. Teremka tena, ni ile ile, unaanzia hatua ya tano. Ukiendelea mpaka kidole kiume utagundua kwamba zilizomo ni chache, zimegeuzwa mkao na kupewa majina mapya. Si kosa la mwenye banda. Naye aliuziwa hivyo hivyo.

Fundi akikufungulia kaseti hiyo utaona kwamba sehemu kubwa ni hewa tupu. Kuna kibao chembamba cha kijani, meno ya shaba upande mmoja, na katikati doa la gundi nyeusi iliyokauka, lisilozidi sana upana wa ukucha wa dole gumba. Hakuna namba ya kiwanda wala jina. Chini ya doa hilo mna kazi ya miaka kadhaa ya kampuni zaidi ya moja za Japani, na pale kwenye kioo palipopaswa kusomeka Konami au Namco, herufi zimefutwa pakabaki peusi.

Ukitaka kuzitambua gemu zenyewe, tumia dalili hizi. Ukiona msitu wa kijani na michoro ya ajabu ardhini, na ndege yako inapiga hewani kwa kitufe kimoja na kuangusha bomu kwa kingine, hiyo ni Xevious ya Namco, iliyoingia kwanza kwenye mabanda ya Japani, kisha kwenye Famicom mwaka 1984. Ukiona bahari na ndege za vita vya pili vya dunia, na mlio mkali unaojirudia hadi jino linauma, hiyo ni 1942 ya Capcom. Ndani yake unarusha ndege ya Kimarekani kuwapiga Wajapani, katika gemu iliyotengenezwa na Wajapani. Biashara haina kinyongo. Ukiona mawingu yanayotoa kengele yakipigwa risasi, umeingia TwinBee. Ukiona ndege inakwenda kulia badala ya kupanda juu, na chini ya kioo kuna mstari wa vyumba vya maandishi, hiyo ni Gradius, na unapaswa kuogopa.

Tatu: kuwasha ni kazi ya wenyewe

Usiguse waya. Mashine imechomekwa kwenye tundu la antena, na stesheni yake ilitafutwa siku nyingi zilizopita na mtu ambaye sasa yuko Dar. Ukiigusa, picha itageuka chenga, na watoto watakutazama kwa macho ambayo mgeni hapaswi kutazamwa nayo.

Kaseti ikigoma, mtoto mmoja ataichomoa, ataipuliza kwenye meno yake kwa pumzi zote, na kuirudisha. Itawaka. Naye ataamini ni pumzi yake. Ukweli ni kwamba kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha, meno yakagusana upya. Pumzi yenyewe inapeleka unyevu kwenye shaba, na baada ya muda inaila. Usimweleze. Watoto wa Marekani na Japani walipuliza hivyo hivyo, na wao walikuwa na kijitabu.

Nne: anga halikungoji

Hapa ndipo watu wazima wengi wanapokatika. Katika gemu nyingine ukisimama, dunia nayo inasimama. Unaweza kukuna kichwa, ukafikiri, ukauliza. Katika gemu ya ndege kioo kinakwenda chenyewe, utake usitake, kwa mwendo ule ule. Ni mwendo wa dereva wa basi la Arusha akiwa Mombo: ameshapiga honi, ameshaanza kutembeza gari, na kama wewe bado unadai chenji ya peasi, hiyo ni shida yako na muuza peasi.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1981 Eugene Jarvis na wenzake wa kampuni ya Williams ya Marekani walitoa Defender, ambamo ndege inakwenda upande unaoutaka na inageuka unapotaka. Mwaka huo huo Konami wakatoa Scramble, ambamo ardhi inasogea yenyewe na hakuna kurudi nyuma. Gemu nyingi za ndege utakazozikuta bandani ni wajukuu wa Scramble.

Athari yake ni hii. Adui uliyemkosa amekwenda zake, usimfuate. Zawadi iliyopita imepita, usiiendee. Msafiri asiyejihadhari hufa akiwa ameelekea nyuma ya kioo, akifukuza kitu ambacho dakika moja iliyopita hakuwa na habari nacho.

Tano: acha kuitazama ndege yako

Mgeni huikodolea macho ndege yake, akihofia isipotee. Haipotei, iko pale pale ulipoiacha. Kinachokuja kukuua kiko juu, kwenye ukingo kinapotokea. Tazama katikati ya kioo na kwenda juu, na ndege yako ione kwa pembe ya jicho.

Kosa la pili ni kudhani kazi yako ni kupiga. Pedi za mashine hizi mara nyingi zina vitufe vinne. Viwili ni vya kawaida. Viwili ni vya mvua, ukivishika tu risasi zinatoka mfululizo. Huko Japani mtu aliyeitwa Takahashi, mfanyakazi wa kampuni ya Hudson, alipata umaarufu wa kitaifa katikati ya miaka ya 1980 kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde, kwa kidole chake mwenyewe. Wewe una kitufe cha mvua. Kishike, kisha sahau habari za kupiga. Kilichobaki ni swali moja tu: nisimame wapi? Mtoto anayecheza vizuri humwoni akihangaika. Anasogea kidogo kushoto, anasubiri, anasogea kidogo kulia. Mgeni anakimbia kioo kizima na kujigonga kwenye risasi ambayo hata haikumlenga.

Usijibanze pembeni vilevile. Pembe inaonekana salama kwa sababu maadui hawajafika huko. Wakifika, utakuwa huna pa kutokea.

Sita: risasi inayopotea ingalipo

Baada ya dakika chache utaona jambo la kukuudhi: maadui wakijaa, baadhi ya vitu vinaanza kuwaka na kuzima. Utadhani ni televisheni. Sivyo. Mashine hii inaweza kuonyesha vipande 8 tu vinavyotembea katika mstari mmoja wa kioo, na ndege moja ya kawaida ina upana wa vipande viwili. Kikizidi kimoja, mashine haina pa kukichora. Mtengenezaji mwerevu aliamua vipokezane: huyu aonekane sasa, yule baadaye kidogo, kwa kasi ambayo jicho linaona mwako. Ila wakati risasi haichorwi, hesabu yake inaendelea. Inakuja. Itakuua ikiwa haionekani, nawe utaapa mbele ya kadamnasi kwamba hakukuwa na kitu. Watoto watacheka, kwa sababu wao walishakufa hivyo zamani.

Umaskini huo huo una upande wa neema. Vitu vikizidi sana, kichwa cha mashine kinashindwa kumaliza hesabu kwa wakati, na gemu nzima inakwenda polepole. Usilalamike. Hizo ndizo sekunde ulizopewa za kupenya. Babu wa gemu hizi, Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, ya 1978, ilikuwa na kasoro hiyo kwa kinyume: wavamizi walipopungua, mashine ilipata nafasi ya kuwachora upesi zaidi, wakaongeza kasi. Nishikado aliona, akaiacha. Kwa hiyo ule ugumu unaopanda kidogo kidogo, ambao watu wameupenda tangu hapo, ulianzia kwenye mashine iliyozidiwa na kazi.

Saba: si kila zawadi ni yako

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na gemu za ndege zimejengwa juu ya methali hiyo.

Anza na TwinBee. Ukipiga wingu, inatoka kengele ya njano. Ukiigusa unapata pointi, na pointi hazizuii risasi. Ukiendelea kuipiga kengele yenyewe inabadilika rangi na kuwa kitu cha maana. Ukizidisha, imekuponyoka. Wakati wote huo maadui wanakuja, na wewe uko katika shughuli ya kupiga kengele.

Njoo Gradius. Kila ukiokota kidonge, alama inasogea chumba kimoja kwenye ule mstari wa chini: mwendo, kombora, na kuendelea hadi kinga. Mgeni hununua mwendo mara moja, kwa kuwa ndicho cha kwanza na ndege inajikokota kweli. Halafu anaongeza mwendo tena. Na tena. Sasa ndege inaruka kutoka juu hadi chini kwa kugusa tu, na inajibamiza mlimani yenyewe bila msaada wa adui. Mwerevu anasubiri. Lakini hata mwerevu akifa mara moja ananyang'anywa vyote, anarudishwa nyuma, na kuambiwa apite pale pale palipomshinda akiwa na silaha kamili, safari hii akiwa na bunduki ya kwanza. Ndiyo maana katika Gradius roho ya kwanza ndiyo roho. Zilizobaki ni za kukuaga.

Kisha kuna mafuta. Katika Scramble, tangi la mafuta unalipiga risasi ndipo unapata mafuta. Katika River Raid, iliyotengenezwa na Carol Shaw kwa ajili ya Atari 2600 mwaka 1982, tangi unapita juu yake ndipo unajaza. Ukilipiga, unapewa pointi 80 na mafuta yako hayaongezeki. Mtu aliyetoka gemu ya kwanza na kuingia ya pili anakufa tajiri wa pointi, tangi likiwa tupu. Shaw alikuwa na kilobaiti 4 tu za kuwekea gemu yote. Mto mrefu namna ile haukuweza kuenea humo, kwa hiyo aliandika kanuni ya hesabu inayouzalisha mto palepale unapopita, na kila mara unatoka mto ule ule, kona kwa kona. Ujerumani Magharibi iliiona hatari kwa vijana, ikaizuia kwa watoto mwaka 1984. Mombo haikuzuiwa, ila haikufika.

Nane: wajue waliosimama nyuma yako

Hatari kubwa haiko kwenye kioo. Iko mgongoni.

Yupo mshauri. Hana sarafu, lakini ana maarifa yote. "Anko, kushoto! Kushoto, anko! Aaah." Ushauri wake ni sahihi na unakufikia baada ya kufa.

Yupo mtoto mdogo aliyeshika pedi ya pili na hajaambiwa kwamba gemu hii ni ya mtu mmoja. Anabonyeza kwa bidii. Wewe ukishinda, ameshinda yeye. Usimwambie, kuna watu wazima wanaishi hivyo.

Yupo mwenye banda, naye ni kijana wa heshima. Atakuita kaka, atakupangusia benchi, atakuuliza unatoka wapi. Angalia jinsi anavyohesabu. Wengine wanahesabu kwa dakika, wengine kwa roho. Ukilipa kwa dakika, jifunze kufa haraka na kuanza upya. Ukilipa kwa roho, jifunze kuishi. Ulizia kabla hujakaa, kwa sababu ukishakaa hakuna mahakama.

Na yupo aliyemaliza. Kila banda linaye. Amezimaliza zote, siku ambayo hukuwepo, na mashahidi wake wamehamia Muheza.

Tisa: siri za mtaani

Utaambiwa siri. Chuja.

Iliyo kweli kabisa ni ile ya Kazuhisa Hashimoto wa Konami. Alipokuwa akiihamishia Gradius kwenye Famicom, gemu iliyotoka 1986, aliiona ngumu mno kuijaribu, akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukisimamisha gemu na kubonyeza hivyo, ndege inavikwa karibu silaha zote. Njia hiyo ilibaki ndani kaseti zilipouzwa, ikahamia kwenye gemu nyingine, na katika Contra inakupa roho 30. Hashimoto alifariki Februari 2020, akiwa ameokoa roho nyingi.

Isiyo kweli ni ile ya vibao vinavyozunguka katika Xevious. Watoto wa Japani waliambizana kwamba ukikipiga kibao kimoja risasi 256 kinavunjika. Hakivunjiki. Kama Mombo utaambiwa kwamba ukimpiga bosi fulani huku umefumba jicho moja anatoa roho tano, elewa kwamba unasikiliza fasihi simulizi hai, na uiheshimu kwa kiwango hicho.

Kumi: umeme

Mashine hii haitunzi kitu. Pointi, rekodi, hatua uliyofika, vyote vinakaa kwenye zile kilobaiti 2, na umeme ukikatika vinakwenda navyo. Kwa sababu hiyo hakuna rekodi ya Mombo inayoweza kuthibitishwa, na hakuna inayoweza kukanushwa. Ukifika mbali kuliko ulivyotarajia, usijisifu bado. Muulize mwenye banda kwanza LUKU imebaki uniti ngapi.

Umeme ukikatika ukiwa umebakiwa na roho moja na bosi anakujia, jifanye umekasirika.

Maswali yanayoulizwa sana bandani

*Gemu hii ina mwisho?* Inategemea. 1942 ina hatua 32. River Raid ina mto tu, na mto unaendelea. Katika Gradius ukimshinda wa mwisho unarudishwa mwanzo, maadui wakiwa wakali zaidi, na hiyo ndiyo asante yako. Anayekwambia amemaliza, muulize aliona nini. Jibu likiwa na binti wa mfalme, amechanganya na gemu nyingine.

*Nifanye nini nikishinda?* Sema ni bahati. Usigeuke nyuma kutafuta makofi; utakayemwona ni mshauri, naye anaamini amekushindia yeye. Kisha mlipie mtoto wa pedi ya pili mchezo mmoja, achague gemu ya watu wawili.

*Nifanye nini nikishindwa?* Nyanyuka. Kosa la kulipa tena "mara ya mwisho" ndilo linalowafikisha watu Lushoto usiku.

*Nani aliitengeneza gemu hii?* Swali hili atakuuliza mtoto, na banda zima litamjibu kabla yako: "Wachina." Waliogandisha gundi nyeusi na kufuta majina huenda ndio kweli. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa: Xevious iliundwa na Masanobu Endo, 1942 na Yoshiki Okamoto, na Gradius ilifika majumbani kwa mkono wa Hashimoto aliyeogopa gemu yake mwenyewe. Hawa wana haki ya kutajwa hata hapa, mbele ya TV ya kichogo. Mtajie mtoto majina hayo, polepole, mpaka ayashike. Ila subiri kwanza ufe, maana ukianza kueleza historia huku umeshika pedi, utakuwa umesharahisisha jambo hilo.